Jina na uwanja ndiyo mtaji: somo la Big East kwa mfanyabiashara wa Rungwe

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kukutana hapa na bei za wiki: mkungu wa ndizi, gunia la viazi, kilo ya parachichi, majani mabichi ya chai, na hali ya malori katika barabara ya Uyole hadi Kasumulu. Wiki hii tunaziweka bei kando, tuzungumzie bidhaa isiyopimwa kwa mzani wala kwa debe. Bidhaa hiyo ni mashindano ya mpira wa kikapu ya vyuo vikuu vya Marekani, na hasa yale ya umoja wa vyuo unaoitwa Big East.

Mchuuzi wa Kawetele atauliza, je, kikapu cha Wamarekani kinamhusu nini mtu mwenye kikapu cha ndizi? Kinamhusu. Historia ya mashindano hayo ni historia ya watu waliokuwa na mali ndogo, wakaipa jina, wakaitafutia uwanja, ikapanda thamani, kisha wakagombana juu ya nani abaki na fedha taslimu na nani abaki na jina. Sisi wa Rungwe tuna mali nyingi, lakini jina tunawaachia wengine.

MASHINDANO HAYA NI YA NAMNA GANI

Kule Marekani vyuo havichezi ligi moja ya nchi nzima. Vimejigawa katika miungano, na kila muungano una ratiba yake, mapato yake na viongozi wake. Mwisho wa msimu, mwezi Machi, timu za muungano mmoja hukutana mahali pamoja kwa siku chache na kucheza kwa mtoano. Bingwa hupata tiketi ya moja kwa moja ya mashindano ya taifa yanayosimamiwa na NCAA, ambayo yalianza mwaka 1939 kwa timu 8 tu.

Utaratibu huo ni wa zamani. Vyuo vya kusini mwa Marekani vilikuwa navyo tangu mwanzo wa miaka ya 1920. Lakini waliougeuza kuwa biashara ya kweli ni muungano wa ACC, ulioanzishwa mwaka 1953. Mashindano yao ya kwanza yalifanyika mwaka 1954 mjini Raleigh, katika jimbo la North Carolina, na timu ya North Carolina State ikatwaa ubingwa. Kanuni ya wakati huo ilikuwa kali: ni bingwa wa mashindano hayo peke yake aliyekwenda kwenye ngazi ya taifa. Timu ingeweza kushinda msimu mzima, ikateleza usiku mmoja, ikarudi nyumbani mikono mitupu.

Mwaka 1974 kanuni hiyo ilionyesha ubaya wake. Katika fainali ya ACC, North Carolina State iliifunga Maryland kwa pointi 103 kwa 100 baada ya muda wa nyongeza. Washindi walikwenda mbele na kuwa mabingwa wa taifa. Maryland, iliyokuwa miongoni mwa timu bora za nchi mwaka huo, ilibaki nyumbani. Watazamaji waliona wazi kwamba bidhaa nzuri imeachwa ghalani kwa sababu ya mlango mwembamba. Mwaka uliofuata, 1975, NCAA ilipanua mashindano hadi timu 32 na kuruhusu muungano mmoja kupeleka zaidi ya timu moja. Mwaka 1985 zikawa timu 64.

Mfanyabiashara aone jambo hapo. Mlango ulipopanuliwa, mashindano ya miungano yangeweza kupoteza maana, kwa kuwa aliyefungwa naye alikuwa na nafasi ya kuitwa. Hayakupoteza. Yaliendelea kujaza watu kwa sababu yalikwisha kuwa gulio lenye siku yake na mahali pake.

GULIO LINAPOPATA UWANJA

Big East ilianzishwa mwaka 1979, na mwasisi wake mkuu alikuwa Dave Gavitt, kocha na kiongozi wa michezo wa chuo cha Providence. Vyuo vilivyoanza vilikuwa 7: Providence, St. John's, Georgetown, Syracuse, Seton Hall, Connecticut na Boston College. Vingi kati ya hivyo vilikuwa vyuo vya dini visivyo na viwanja vikubwa wala mashabiki wa nchi nzima. Walichokuwa nacho ni ujirani wa miji mikubwa: New York, Boston, Washington. Mwaka huohuo, mwezi Septemba, kituo cha televisheni cha ESPN kilianza kurusha matangazo. Kituo kilikuwa na saa nyingi za kujaza, nao vyuo walikuwa na michezo ya kuuza. Muuzaji na mnunuzi walikutana wote wakiwa bado wachanga.

Mashindano ya kwanza ya Big East yalichezwa mwaka 1980 mjini Providence, na Georgetown wakawa mabingwa. Mwaka 1981 yakahamia Syracuse, na mwaka 1982 yakaenda Hartford. Miaka mitatu, miji mitatu. Mwaka 1983 Gavitt na wenzake waliyapeleka Madison Square Garden, katikati ya jiji la New York, ukumbi unaoingiza karibu watu 19,800 kwa mchezo wa kikapu. Tangu hapo hayajahama.

Wakulima wetu wanalijua jambo hili bila kusomea. Gulio linalohama kila mwezi halijengi wateja. Mnunuzi wa mbali hawezi kupakia lori kwa kubahatisha. Gulio lenye siku moja na uwanja mmoja huvuta mama lishe, wauza chumvi, fundi baiskeli na mwenye nyumba ya wageni, na kila mmoja anaongeza thamani ya mwenzake. Miaka miwili tu baada ya kuingia Garden, mwaka 1985, timu tatu kati ya nne zilizofika nusu fainali ya taifa zilitoka Big East: Georgetown, St. John's na Villanova. Villanova waliifunga Georgetown 66 kwa 64 katika fainali. Muungano wa miaka 6 ulikuwa umeiteka nchi.

VIJANA WETU KATIKA GULIO HILO

Uwanja huo umewahi kuonja jasho la Afrika. Dikembe Mutombo wa Kinshasa alikwenda Georgetown akitaka kusomea udaktari, akaishia kuwa mlinzi wa kikapu wa kutisha hadi alipomaliza chuo mwaka 1991. Fedha alizopata baadaye katika NBA zilijenga hospitali mjini Kinshasa yenye jina la mama yake. Alifariki mwaka 2024.

Kisha akaja wa kwetu, Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, aliyeingia Connecticut mwaka 2006 akiwa na kimo cha zaidi ya mita 2 na sentimita 20. Mwaka 2008 na 2009 alitajwa kuwa mlinzi bora wa Big East, na mwaka 2009 aligawana tuzo ya mchezaji bora wa muungano na DeJuan Blair wa Pittsburgh.

Tarehe 12 Machi 2009 Connecticut ilikutana na Syracuse katika robo fainali pale Garden. Dakika 40 za kawaida ziliisha kwa sare ya 71 kwa 71. Wakaongeza dakika 5, sare. Wakaongeza tena na tena, hadi muda wa nyongeza ukafika mara sita. Mchezo ulichukua dakika 70 za saa ya uwanjani na kumalizika usiku wa manane ukiwa umepita. Syracuse walishinda 127 kwa 117. Hadi leo ukitaja Big East kwa Mmarekani anayependa kikapu, atakutajia usiku huo, na Mtanzania alikuwa ndani yake.

Connecticut walifungwa, lakini kwa sababu ya ule mlango uliopanuliwa baada ya mwaka 1974 waliitwa kwenye mashindano ya taifa na kufika timu nne za mwisho. Mwezi Juni Thabeet alichaguliwa wa pili katika nchi nzima kuingia NBA, akiwa Mtanzania wa kwanza kufika huko. James Harden alichaguliwa nyuma yake, na Stephen Curry nyuma zaidi.

NANI ANAKULA GAWIO

Sasa tuje kwenye hesabu, ambayo ndiyo kazi ya ukurasa huu. NCAA huuza haki za televisheni za mashindano ya taifa. Mkataba wa CBS ulioanza mwaka 1991 ulikuwa wa dola bilioni 1 kwa miaka 7. Mwaka 1999 ukatiwa saini mwingine wa dola bilioni 6 kwa miaka 11. Mwaka 2010 CBS na Turner walikubali dola bilioni 10.8 kwa miaka 14, na mwaka 2016 wakaongeza dola bilioni 8.8 kufikia mwaka 2032.

Sehemu ya fedha hizo hurudi kwa miungano kwa mafungu. Timu ikicheza mchezo katika mashindano ya taifa, muungano wake hupata fungu, na fungu hilo hulipwa kidogo kidogo kwa miaka 6. Kwa miaka ya karibuni fungu moja limekuwa na thamani ya karibu dola milioni 2 kwa kipindi chote. Fedha haziendi kwa timu iliyocheza peke yake. Zinaingia kwenye mfuko wa muungano, nao ndio unaogawa. Mwenye hisa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam ataelewa mara moja: hilo ni gawio. Ukiwa mwanachama wa muungano wenye nguvu, unakula hata mwaka ambao timu yako imelala.

Mzalishaji hakuwemo katika mgawo. Thabeet na Mutombo walilipwa masomo, malazi na chakula. Mshahara ulikuwa marufuku. Mlango ulifunguliwa Julai 2021, wachezaji waliporuhusiwa kupata fedha kwa majina na sura zao, na Juni 2025 mahakama ikaidhinisha makubaliano yanayoruhusu chuo kimoja kugawa kwa wachezaji hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Kwa miaka mingi aliyeruka alikuwa mmoja na aliyehesabu noti alikuwa mwingine. Mkulima anayejaziwa lumbesa shambani huku bei ikipangwa Dar es Salaam haihitaji tafsiri ya jambo hilo.

NDOA INAVUNJIKA

Big East ilipoona utamu wa televisheni ilitaka kukua. Ilichukua vyuo vyenye timu kubwa za mpira wa miguu wa Kimarekani, ambao ndio wenye fedha nyingi zaidi kule. Kufikia mwaka 2005 ilikuwa na wanachama 16 katika kikapu. Kwa nje ilikuwa nguvu. Kwa ndani, shirika moja lilikuwa na wenye hisa wenye tamaa mbili tofauti: wengine waliishi kwa kikapu, wengine walikuwa wanangoja mnunuzi mwenye bei kubwa zaidi.

Mwaka 2011 ESPN ilitoa ofa ambayo iliripotiwa kuwa ya zaidi ya dola bilioni 1 kwa miaka 9. Wakuu wa vyuo waliikataa wakitumaini kupata zaidi sokoni. Septemba ya mwaka huohuo Syracuse na Pittsburgh zilitangaza kuhamia ACC, na wengine wakafuata. Wafanyabiashara wetu wanamfahamu mtu aliyekataa bei asubuhi, akauza kwa hasara jioni, mvua ikianza.

Hapo likatokea jambo ambalo kila mwekezaji mdogo angepaswa kulikariri. Desemba 2012 vyuo 7 vya Kikatoliki visivyo na timu kubwa za mpira wa miguu vilisema vinaondoka pamoja: Georgetown, St. John's, Providence, Seton Hall, Villanova, DePaul na Marquette. Yakafanyika mazungumzo ya kugawana mali. Muungano ulikuwa na fedha zilizotokana na faini za waliohama na mapato mengine. Kwa mujibu wa taarifa za wakati huo, waliobaki upande wa mpira wa miguu walichukua karibu dola milioni 100. Wale 7 walikubali sehemu ndogo tu ya fedha. Wao walichukua vitu viwili: jina la Big East, na haki ya kucheza mashindano Madison Square Garden.

Wapo waliowacheka. Ungewezaje kuacha fedha taslimu ukachukua herufi saba na ukumbi wa kupanga? Lakini mwaka huohuo wa 2013 kampuni ya Fox iliingia nao mkataba wa miaka 12 ulioripotiwa kuwa wa karibu dola milioni 500. Walikaribisha Butler, Creighton na Xavier. Villanova walitwaa ubingwa wa taifa mwaka 2016 na 2018. Wale waliochukua fedha ilibidi watafute jina jipya, wakajiita American Athletic Conference, na wakaanza kujitambulisha upya kwa wateja.

Connecticut, mmoja wa waasisi, aliachwa upande huo wa pili. Alishinda ubingwa wa taifa mwaka 2014, hivyo hakuwa dhaifu uwanjani. Hata hivyo alikuwa amepoteza majirani zake na gulio lake. Mwaka 2019 alitangaza kurudi, akakubali kulipa dola milioni 17 ili atoke alikokuwa, akaingia tena Big East Julai 2020. Mwaka 2023 na 2024 akawa bingwa wa taifa mara mbili mfululizo. Dola milioni 17 ni bei ambayo mtu alilipa ili asimame tena chini ya jina aliloshiriki kulianzisha.

UPANDE WA PILI WA HESABU

Haki itendeke. Syracuse na wenzake waliohamia ACC wanapata fedha za televisheni nyingi kuliko waliobaki. Vyuo vya muungano wa Big Ten viko mbali zaidi, na mkataba wao wa mwaka 2022 uliripotiwa kuzidi dola bilioni 7 kwa miaka 7. Anayepima mafanikio kwa ukubwa wa hundi atasema wale 7 walishindwa, na hana kosa la hesabu.

Maoni ya safu hii ni kwamba hundi hiyo ilikuwa ya wenye mali ya aina nyingine. Chuo kisicho na timu kubwa ya mpira wa miguu kisingekaribishwa huko, na kama kingekaribishwa kingekaa mkiani. Mwenye mtaji mdogo anayewaiga matajiri huishia kubeba mizigo yao. Wale 7 waliijua mali yao, wakaigharimia.

TUJE NYUMBANI

Tazama mchele wa Kyela, majirani zetu. Jina lake limefika kila duka la nchi hii, kiasi kwamba mchele wa mahali pengine huchanganywa na kuuzwa kwa jina hilo. Hakuna anayeghushi jina lisilo na thamani. Sasa tazama ndizi za Rungwe. Zikifika Dar es Salaam zinaitwa ndizi za Mbeya. Mnunuzi anajua mkoa, hajui Tukuyu, na Kawetele hajapata kuisikia. Parachichi nalo kwa miaka mingi lilivuka mpaka na kuuzwa nje kwa jina la nchi jirani.

Katika michezo ni hivyohivyo. Tukuyu Stars walitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986, mji mdogo wa milimani ukiwatangulia Simba na Yanga. Siku hizo jina la Tukuyu lilikuwa na bei. Hatukuligeuza kuwa shirika, wala tukio la kila mwaka, wala hata fulana ya kuuza. Ubingwa haujarudi, na jina limebaki katika hadithi za wazee. Mashindano ya shule za sekondari ya UMISSETA nayo miaka ya karibuni yamechezwa Mwanza, kisha Mtwara, kisha Tabora. Kuzungusha ni haki kwa mikoa, lakini mji unaopokea wageni kwa muda mfupi hauwezi kukopa benki ili ujenge nyumba za wageni.

Ushauri wetu kwa wafanyabiashara na wawekezaji wadogo ni huu.

Kwanza, walio katika vikundi vya ndizi, viazi na parachichi wasajili jina na alama ya biashara BRELA sasa, wakati bado hakuna anayeligombea. Jina likishapanda, usajili utageuka kesi.

Pili, chagueni siku moja na uwanja mmoja, mshikilie hata miaka ambayo wanunuzi ni wachache. Big East walihangaika miji mitatu kabla ya kutulia, na faida ilianza walipotulia.

Tatu, hakikisheni mzalishaji yumo katika mgawo. Wakulima wadogo wa chai wa Rungwe walishaonyesha njia: kupitia chama chao wana hisa katika kampuni ya Wakulima Tea Company. Ndizi na parachichi hazina sababu ya kubaki nyuma ya chai.

Nne, mkivunja ubia, msikimbilie sanduku la fedha peke yake. Ulizeni kwanza jina linakwenda kwa nani na uwanja unabaki kwa nani. Fedha taslimu zitagawanywa mara moja na kuisha.

Bei za wiki zitarudi hapa katika toleo lijalo. Tunawaomba wasomaji, wanapozisoma, wajiulize pia kila mkungu unaoshuka mlimani umeondoka kwa jina la nani.